Shajara ya kuchorwa: vikao 14 na mikono miwili

Kabla ya kikao cha kwanza

Chuo nilichofundisha ukunga kwa miaka 31 kimeamua kuniweka ukutani. Ni picha rasmi ya rangi za mafuta, itakayotundikwa kwenye ukumbi ambamo wahitimu hula kiapo. Nilipoulizwa kama naridhia nilisema naridhia, ila mikono yangu ionekane. Sharti hilo likaandikwa kwenye barua ya kumwagiza mchoraji, mstari wa mwisho, baada ya vipimo na tarehe ya kukabidhi.

Sababu yangu ni hii. Wanafunzi walionipitia hawakuutazama sana uso wangu, na mimi mwenyewe niliwakataza kuutazama. Ukifundishwa kupima tumbo la mjamzito kwa zile hatua nne za Leopold, unatazama viganja: vinaanzia wapi, vinakandamiza kiasi gani, vinatulia lini. Uso wenyewe nusu yake ilikuwa ndani ya barakoa. Anayenikumbuka ataikumbuka mikono.

Nitaandika baada ya kila kikao, usiku uleule, mambo yakiwa bado ya moto. Kila niliyemuuliza habari za kuchorwa alinieleza kazi ya mchoraji. Ya anayekaa kitini hakuna aliyenieleza.

Turubai ni la kitani, sentimita 120 kwa 90. Mchoraji amekadiria vikao 12, kila kimoja saa mbili na nusu.

Kikao cha 1: kutafuta mkao

Studio ni chumba kimoja chenye dari la juu na dirisha moja kubwa, na dirisha hilo halipigwi na jua saa zote za kazi. Nilidhani ni kasoro ya jengo. Kumbe ndiyo sababu ya kukichagua chumba. Jua likiingia moja kwa moja, vivuli hutembea: kivuli cha pua kilichokuwa juu ya mdomo saa tatu, ikifika saa tano kimeshahamia shavuni, na brashi haiwezi kukikimbiza. Wachoraji wa nchi zilizo mbali kaskazini mwa ikweta hutafuta dirisha linalotazama kaskazini, na wa kusini hutafuta la kusini, kwa sababu hiyohiyo. Mwanga unaoingia hapa unatoka mbinguni kwote, si kwenye jua, na unabaki vilevile kwa saa nyingi.

Kiti kimewekwa juu ya jukwaa la mbao lenye kimo cha goti. Mchoraji huchora amesimama, anarudi nyuma hatua nne, anatazama, anasogea tena. Bila jukwaa angekuwa anachora utosi wangu.

Mavazi yalituchukua saa nzima. Chuo kinataka joho. Mimi nilikuja na sare yangu nyeupe ya ukunga, mikono yake mifupi, na saa ya kubandika kifuani. Mchoraji, kijana wa rika la mwanangu wa mwisho, alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akanisimulia habari ya Ayuba Suleiman Diallo, Mwislamu msomi wa Bundu huko Senegali, aliyetekwa na kuuzwa utumwani Marekani, kisha akafika London akiwa njiani kurudi kwenye uhuru wake. William Hoare alimchora mwaka 1733. Diallo alisita mwanzoni kwa ajili ya dini yake. Alipokubali, alitaka achorwe na mavazi ya kwao. Hoare akasema hawezi kuchora vazi ambalo hajaliona. Diallo akamuuliza, kama ni hivyo, mbona baadhi yenu wachoraji mnathubutu kumchora Mungu, ambaye hakuna aliyemwona? Akachorwa na kilemba na vazi jeupe, kitabu chekundu kimening'inia shingoni.

"Kwa hiyo Mama," akasema yule kijana, "uje na cha kwako. Mimi nitachora nilichokiona."

Tumekubaliana joho liwe wazi mbele, sare ionekane ndani yake, na saa ibaki kifuani.

Lililonikera leo: alichora rasimu ndogo tisa kwa penseli, na katika zote tisa mikono yangu imezama ndani ya mikono ya joho. Nilimwonyesha. Akasema, "Tutafika huko, Mama."

Kikao cha 2: mkaa

Leo amechora kwa mkaa moja kwa moja juu ya turubai, mistari mirefu ya kupimia tu: upana wa mabega, urefu wa kichwa, mteremko wa joho. Anafumba jicho moja, ananyoosha mkono na kuipima kidevu changu kwa mpini wa brashi. Nilizoea kupima wenzangu hivyo, vidole juu ya tumbo, kuanzia mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi. Kupimwa mimi ni jambo jipya.

Amezungushia viatu vyangu mstari wa chaki sakafuni, amebandika utepe mahali kiwiko kinapogusa mkono wa kiti, na amepigilia msumari ukutani, juu kidogo ya bega lake. Macho yangu yakae kwenye msumari. Usipokuwa na mahali pa kuyaweka macho, anasema, kichwa huyafuata, shingo hufuata kichwa, na baada ya nusu saa anakuta anamchora mtu mwingine.

Kikao cha 3: mwili

Nilikuwa najiona mtu wa kusimama. Nimesimama zamu za saa kumi na mbili. Kukaa bila kusogea ni kazi nyingine kabisa, na leo imenishinda.

Tunakaa dakika 25, tunapumzika dakika 5. Dakika kumi za kwanza hazina neno. Kisha mguu wa kulia ukaanza kufa ganzi, na mimi kwa kiburi nikanyamaza. Kengele ilipolia nikainuka upesi, chumba kikazunguka, nikajikuta nimeshika kiunzi cha turubai kwa mikono miwili. Kijana wa watu alishtuka kuliko mimi.

Nilipaswa kujua. Ni jambo ninalowaambia wanafunzi wanaosimama kwa mara ya kwanza chumba cha upasuaji: miguu isipofanya kazi, damu inatuama chini, kwa kuwa ni misuli ya shavu la mguu inayoisukuma kurudi juu. Usimame kama mlingoti, utaanguka kama mlingoti. Basi kipindi kilichofuata nilikuwa nakunja na kukunjua vidole vya miguu ndani ya viatu. Kwa nje hakuna kinachoonekana, na ganzi haikurudi. Mtu yeyote atakayekaa kuchorwa na alijue hilo kabla ya kikao cha kwanza, na ainuke polepole.

Kuhusu picha: amefunika turubai lote kwa rangi nyepesi ya kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, na sehemu za mwanga akazifuta kwa kitambaa. Nipo, kama mtu anayeonekana kupitia moshi. Mikono bado haipo.

Kikao cha 4: ngozi

Hiki ndicho kikao nilichokipenda kuliko vyote hadi sasa.

Mimi ni mweusi hasa. Picha za kamera zimenizoesha kuonekana doa lenye meno. Nikamwambia mapema, ili asije akadhani nitafurahia kung'arishwa, kwamba sitaki kuchorwa mweupe kuliko nilivyo, wala sitaki kuwa doa. Akaniita nishuke nije nione kibao chake cha rangi. Nyeusi haikuwepo. Palikuwa na buluu ya ultramarini, nyekundu iliyoiva kama damu ya mshipa, udongo wa manjano, kahawia ya udongo uliochomwa, na nyeupe. Giza lote la uso wangu anaanza kulitengeneza kwa buluu na kahawia, na likikaribia nyeusi analivuta kidogo upande wa wekundu ili lisife.

Kisha akanishikia kioo kidogo mbele ya uso na kuniambia nitazame paji la uso wangu. "Usiangalie unachokijua, Mama. Angalia rangi." Nikatazama. Mahali dirisha linapopiga, juu ya nyusi ya kushoto, ngozi yangu ni ya buluu. Kweli kabisa, buluu ya mbali, kama moshi wa kuni asubuhi. Chini ya kidevu, mahali nilipotegemea kukuta weusi mtupu, pana rangi ya chungwa iliyoiva sana, kwa sababu sare nyeupe inarudisha mwanga juu na mwanga huo unazama ndani ya ngozi kabla ya kutoka. Nina umri wa miaka 63 na sijapata kuiona rangi hiyo kwenye mwili wangu.

Ukutani amebandika nakala ya picha ya Juan de Pareja iliyochorwa na Velázquez mwaka 1650 huko Roma. Pareja alikuwa mtumwa wa Velázquez, akimsaidia studioni. Mwaka huohuo Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru, ikaanza kufanya kazi baada ya miaka minne, na Pareja akaishi akiwa mchoraji kwa haki yake. Mkono wake wa kulia umepita mbele ya kifua ukishika joho, na paji lake la uso linang'aa. Nilisogea karibu mno na nakala ile hadi nikaona ni madoa tu. Nikarudi nyuma hatua mbili, mtu akanitazama tena, na si mtazamo wa mtu anayeomba.

Nyekundu anaichagua kwa uangalifu. Joshua Reynolds, anasema, alitumia nyekundu nzuri isiyodumu, na nyuso alizozichora zikaanza kupauka yeye mwenyewe akiwa hai. Ya kwangu itakaa.

Kikao cha 5

Mashavu na paji. Hatukuzungumza. Saa mbili na nusu zimepita kama saa moja.

Kikao cha 6: mdomo

Kila nikitulia, mdomo unashuka. Sina huzuni, ni misuli tu imechoka. Anauchora, anaukwangua kwa kisu cha rangi, anauchora tena. Dakika za mwanzo baada ya mapumziko ni za thamani, kwani uso bado una habari ya yale tuliyokuwa tukiyazungumza. Kwa hiyo sasa ananiuliza jambo fulani sekunde chache kabla ya kengele, nalijibu nikiwa napanda jukwaani, na yeye anakamata kilichobaki.

Aliponiona nasikitika kwa kukwanguliwa kwingi, alinisimulia habari ya Gertrude Stein, mwandishi Mmarekani, aliyekaa mbele ya Picasso mara 80 hivi, majira ya baridi ya 1905 kuingia 1906. Picasso akakifuta kichwa chote, akasafiri, na aliporudi akakichora bila hata kumwita tena. Hadithi hiyo haikunifariji. Nilimwambia mimi nitaitwa.

Kikao cha 7: mikono, mara ya kwanza

Leo ndiyo leo. Nilikata kucha jana, kama ilivyo desturi yangu ya kazini, nikaja nikaweka mikono mapajani, kulia juu ya kushoto. Akachora kwa saa mbili. Aliponiita nishuke nitazame, sikujua niseme nini.

Vidole vilikuwa na urefu sahihi. Kovu la kidole cha shahada lilikuwepo. Lakini ilikuwa mikono ya mgeni aliyekaribishwa sebuleni akisubiri mwenyeji. Nami sikumbuki hata siku moja mikono yangu ikiwa imekaa hivyo.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshaona. Akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, akanieleza kwa upole kwamba njia ipo: hakuna haja ya kunichosha, anaweza kuimalizia mikono kwa kumweka mtu mwingine wa umri wangu. Si jambo la aibu. Anthony van Dyck alipokuwa London, karne ya 17, inaelezwa kwamba hakumweka mteja zaidi ya saa moja kwa kikao, na mikono aliichora baadaye kutoka kwa watu aliowaajiri kwa kazi hiyo, wanaume na wanawake. Kwa hiyo wakubwa wengi wanaotazamwa leo kwenye makumbusho wana vidole vya watu ambao hakuna anayewajua.

Nikamwambia, "Mwanangu, uso unaweza kumweka mtu mwingine. Mikono hapana." Sikusema kwa hasira. Nilikuwa nasema jambo lililo kweli kwangu, na nadhani alilielewa, kwa sababu hakulirudia.

Kikao cha 8: gazeti

Rangi za mikono zilikuwa bado mbichi. Akachukua ukurasa wa gazeti, akaulaza juu ya sehemu ile ya turubai, akausugua taratibu kwa kiganja, kisha akaubandua kuanzia pembe moja, kama ninavyobandua plasta kwenye kidonda kichanga. Rangi ya juu ikaondoka na gazeti. Kwenye turubai kikabaki kivuli cha mikono, bila ubonge, tayari kuchorwa upya.

Ufundi huo unaitwa kwa jina la Henry Tonks, Mwingereza aliyeanza maisha akiwa daktari wa upasuaji, akaacha, akafundisha uchoraji miaka mingi katika shule ya Slade, London. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alizichora nyuso za askari waliojeruhiwa kwa ajili ya rekodi za Harold Gillies, daktari aliyekuwa akizitengeneza upya. Nilifurahi kujua kwamba aliyeanzisha jambo lile alikuwa mtu wa hospitali. Mkono unaojua lini uondoe na lini uache haujifunzi hilo mahali pamoja tu.

Niliomba lile gazeti. Mikono yangu imo, imegeuzwa, wa kushoto umekuwa wa kulia, juu ya matangazo ya nyumba za kupanga. Nimelitandaza juu ya kabati likauke.

Hakuna kingine kilichofanyika leo. Vikao viwili vimekwenda, na mikono hakuna.

Nyumbani, siku tatu baadaye

Nimekuwa nikijichunguza. Nikizungumza na simu, mkono ule mwingine unakunja kitambaa. Nikisoma, kidole kinafuata ukingo wa ukurasa. Nikisikiliza mtu, bila kujua, nakuta vidole vitatu vya mkono wa kushoto vimekaa juu ya kifundo cha mkono wa kulia, upande wa dole gumba, vikihesabu mapigo. Binti yangu anasema nimefanya hivyo tangu alipokuwa mdogo, na kwamba yeye na ndugu zake walikuwa wakilijua hilo kuwa ni dalili ya mama kusikiliza kweli.

Nimekwenda kwenye sanduku nikatoa fetoskopu yangu ya mti, ile ya kusikilizia moyo wa mtoto akiwa tumboni.

Kikao cha 9: fetoskopu

Niliiweka juu ya meza yake kabla ya kupanda jukwaani. Hakuwahi kuiona. Ni pembe ya mti, urefu wake kama shubiri, upande mmoja umepanuka kama tarumbeta, upande wa pili una kisahani bapa cha kuweka sikio. Umbo hilo alilibuni Adolphe Pinard, daktari wa uzazi Mfaransa, mwaka 1895, na mpaka leo inatumika palipo na mashine na pasipo na mashine, kwa sababu haihitaji umeme wala betri. Yangu imekuwa nyeusi mahali pa kidole gumba, na kisahani kina ufa mwembamba niliouziba kwa gundi miaka mingi iliyopita.

Akaniuliza inashikwaje. Nikamwonyesha: unaisimamisha tumboni mahali mgongo wa mtoto ulipo, unaweka sikio, kisha unaiachia. Lazima mkono uondoke, maana vidole vina kelele zake. Pembe inashikiliwa na kichwa chako na tumbo la mama, na mkono ulioachia unakwenda kwenye kifundo cha mama kupima mapigo yake, usije ukamhesabu mama ukadhani unamhesabu mtoto. Ya mtoto ni 110 hadi 160 kwa dakika. Ya mama ni pungufu sana ya hapo.

Alikuwa ameacha brashi. "Huo mkono wa kwenye kifundo, Mama. Nionyeshe tena."

Basi mkao umebadilika. Mkono wa kulia umeshika fetoskopu, imesimama juu ya paja, mdomo mpana chini. Mkono wa kushoto umepita juu yake, na vidole vitatu vimekaa kwenye kifundo cha kulia, ncha zimelala, si za kuchoma, kidole gumba kimewekwa pembeni kisiguse, kwa kuwa gumba lina mapigo yake na linadanganya. Nikaanza kuhesabu. Nilikuwa 72 mwanzoni, nikashuka hadi 66. Kengele ilipolia nilikasirika, nilikuwa sijamaliza dakika.

Amechora kwa mkaa tu leo, akiwa kimya kabisa. Aliporudi nyuma kutazama aligonga ndoo ya tapentaini na hakuiangalia.

Kikao cha 10

Mawingu mazito, mwanga haukutosha hata kuona tofauti ya buluu na kahawia. Alijaribu nusu saa, akaosha brashi. Kikao hiki kimehesabiwa lakini hakina kitu.

Kikao cha 11

Sikwenda. Joho limevalishwa sanamu ya mbao na yeye amechora mikunjo. Joho sina shida nalo, hata likivaliwa na mti.

Kikao cha 12: mkono wa kulia

Mkono ulioshika fetoskopu umepatikana. Alianza na nafasi zilizo katikati ya vidole, si vidole vyenyewe: kipande cha giza kati ya shahada na kidole cha kati, kipande cha mti kinachochungulia chini ya kiganja. Vipande vikikaa sawa, anasema, vidole vitajileta. Kwenye vifundo vya vidole ngozi yangu ni nyeusi zaidi na ina mikunjo midogo. Aliichora kwa brashi yenye nywele chache sana, kisha akalegeza nusu yake kwa kidole chake ili isionekane imehesabiwa.

Leo pia niliona kosa na nikalisema. Saa ya kifuani ameichora 12 ikiwa juu. Saa hizi huning'inia kichwa chini, ili anayeivaa aisome akiinama na mikono yote miwili ikiwa kazini. Kwa anayenitazama, 12 inapaswa kuwa chini. Aliigeuza palepale. Wanafunzi wangeliona hilo siku ya kwanza.

Tulikuwa tumekadiria kumaliza leo. Ameomba vikao viwili zaidi, na chuo kimekubali.

Kikao cha 13: mkono wa kushoto

Ulikuwa mgumu kuliko wa kulia, kwa sababu haushiki kitu, unagusa tu. Ukizidisha kivuli chini ya ncha za vidole, mkono unaonekana umeelea. Ukipunguza, unaonekana unaminya. Alichora na kukwangua mara nne. Mara ya tano akanisihi nisimtazame, nihesabu tu.

Nikahesabu. Sikujua ni mara ya ngapi tena. Nilikuwa 64 wakati aliposema, "Mama, pumzika," na sauti yake ilikuwa tofauti.

Nilishuka nikaona. Chini ya kidole cha kati kuna mstari mmoja wa rangi ya chungwa iliyozimwa, mfupi kuliko punje ya mchele, mahali mwili unapogusa mwili na mwanga unapita katikati. Hapo ndipo kidole kinakandamiza, kwa kiasi kilekile nilichowafundisha wanafunzi miaka yote: mpaka usikie, usiongeze. Nilisimama pale muda mrefu. Nilimshika mkono yule kijana, nadhani nilimpaka rangi mwenyewe kwa kushika alikoshika.

Kikao cha 14: kumalizia

Aliigeuza picha ielekee kioo kikubwa, akaitazama ndani ya kioo. Ikiwa kinyume, jicho linasahau lililozoea na linaona kosa upya. Bega moja lilikuwa juu; akalishusha. Akaweka nukta mbili za mwanga kwenye macho, zote mbili upande wa dirisha, na macho yakaamka. Mdomo umekuja ambao siujui vizuri, lakini binti yangu aliyenisindikiza leo aliutambua mara moja. Alisema ni wa kuhesabu.

Saini yake ndogo ipo chini upande wa kulia.

Jumla: vikao 14, viwili kati yake mimi sikukaa au hapakuwa na mwanga. Saa zangu kitini, bila mapumziko, kama 25.

Wiki tatu baadaye

Nilipita studioni kuchukua fetoskopu. Nilikuwa nimeiacha ili amalizie rangi ya mti, na kesho nina wanafunzi.

Picha imesimama uso ukielekea ndani ya chumba, ipate hewa. Rangi za mafuta hazikauki kama nguo. Mafuta ya kitani yanavuta oksijeni na kugeuka ngozi ngumu, kwanza juu, ndani baada ya miezi. Vanishi itapakwa si chini ya miezi sita. Mpaka hapo haitatundikwa, na nimemwandikia mkuu wa chuo asiiweke mkabala na madirisha ya jua la jioni, wala karibu na jiko la ukumbini.

Kijana aliniruhusu kugusa ukingo kwa mgongo wa kidole. Joho limekauka. Mkono wa kulia umekauka. Wa kushoto, uliochorwa mara tano na wenye mafuta mengi zaidi, bado unanata.